Kiti cha Kushoto

Kwenye kibaraza cha nyumba ya Guka, babu yangu mzaa baba, huko Gatuanyaga, kuna kiti kirefu ambacho wageni hukikalia bila kuuliza kilitoka wapi. Ni kiti cha nyuma cha gari. Baba alikitoa kwenye gari lake nilipokuwa mdogo, akakitengenezea miguu ya mbao, na tangu hapo kimekaa na jua na vumbi la upande ule mpaka kitambaa chake cha kijivu kimegeuka rangi ya udongo. Siku tuliyomzika Baba, viti vya plastiki vya kukodisha havikutosha, na wazee wa kanisa walibanana juu yake ibada nzima. Mimi nilisimama nyuma yao. Jua lilipokipata kile kiti kilitoa harufu niliyokuwa nimeisahau, ya sponji kuukuu, petroli kidogo, na chini yake kabisa, lami. Mchungaji alikuwa anaeleza kwamba Baba alikuwa mtu wa kazi na mtu wa watu. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nimerudi Ruiru.

Baba alikuwa makanika. Gereji yake ilikuwa Ruiru, mabati juu ya nguzo, hatua chache kutoka barabara kuu. Sisi tulipanga nyumba Thika kwa sababu Mama alifanya kazi huko, kwenye kiwanda cha matunda cha Eneo la Viwanda, akiingia asubuhi na kutoka jioni mikono ikinuka nanasi. Shule zikifungwa hakukuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani, kwa hiyo nilikwenda kazini na Baba. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka wakati ule, barabara ya Thika ilipokuwa inapanuliwa, jinsi kila kitu kuanzia majani ya miti hadi mkate wa dukani kilivyokuwa na vumbi jekundu. Tingatinga zilipita mbele ya gereji siku nzima. Mchana walipomwaga lami ya moto, harufu yake iliingia mpaka kwenye chai.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne, na kabla ya mambo hayo lilikuwa gari letu. Jumapili baada ya kanisa tulilipanda kwenda kumwona Guka. Baba na Mama walikaa mbele, mimi nikakaa nyuma peke yangu, nikilala kwenye kiti kizima miguu ikigusa mlango. Kisha Baba akapelekwa na wateja wake kuona mashindano ya magari. Hayakuwa mashindano ya kwenye televisheni. Kilikuwa kiwanja cha vumbi kwenye shamba lililoachwa kulimwa mkonge, njia imechorwa kwa magurudumu makuukuu, na kila gari linaingia peke yake, likishindana na saa ya mtu aliyesimama pembeni. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakusema mengi, lakini hakukaa chini. Mwezi uliofuata aliingia na gari letu, akawa karibu wa mwisho.

Wale waliomshinda walikuwa na injini kubwa. Baba hakuwa na namna ya kupata injini kubwa. Nilimsikia akimwambia Kim kwamba kununua hawezi lakini kutoa anaweza. Kim ndiye aliyefanya naye kazi gereji, mtu mnene mwenye sauti ya juu, aliyekuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Mtu yeyote mwenye spana anaweza kutoa, Baba alisema. Gari jepesi linaondoka haraka, linakata kona vizuri, linasimama upesi. Kwa hiyo wakaanza kutoa.

Walianza na gurudumu la akiba na jeki. Kisha kikaja kiti cha nyuma. Nilikuwepo. Baba alivuta kamba mbili pembeni, kiti kikanyanyuka kama kifuniko, na chini yake kulikuwa na kalamu yangu ya rangi, sarafu, na punje za mahindi ya kuchoma. Alinipa kalamu. Akanieleza kwamba gari hili sasa halitakwenda tena barabarani, litakuwa la kiwanjani tu, na kwamba kwa Guka tutakuwa tukienda na pikapu ya Kim. Nilimuuliza nitakaa wapi. Alionyesha kiti cha mbele cha kushoto, kando ya dereva. Hicho ni chako, alisema, na siku moja nitakuzungusha kiwanja kizima ukiwa hapo. Nikakichukua kiti kile kama mtu anavyochukua chumba. Likizo ile nilisoma hapo, nikala hapo, na mchana nililala hapo mlango ukiwa wazi.

Kila kilichotolewa kilipimwa. Baba alikuwa ameazima mizani ya Guka ya kupimia mbuzi, ile ya duara yenye mshale na kulabu chini, akaining'iniza kwenye boriti ya gereji. Kapeti likapimwa. Kitambaa cha dari, redio, hita, mbao za ndani ya milango, vyote vikaning'inizwa pale kama nyama buchani, na Kim akasoma mshale kwa sauti. Kikiwa kizito walifurahi. Nilijifunza mapema kwamba hapo gerejini furaha ilikuja kitu kizito kilipoondoka.

Siku ya lami ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kumbe sakafu ya gari, chini ya kapeti, hupakwa lami kiwandani ili abiria wasisikie mawe na injini. Baba alitaka itoke yote. Kuna jamaa yake aliyefanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha vyakula Thika ambaye alimletea barafu kavu ndani ya boksi lililofungwa kwa magunia. Baba alivaa glavu za kuchomelea, akaimwaga sakafuni mwa gari, na moshi mweupe ukaanza kutoka madirishani, mzito, ukishuka chini badala ya kupanda. Nilidhani gari linaungua. Baba aliniambia nisimame mbali, kwamba ni baridi tu. Sikuelewa baridi inawezaje kutoa moshi. Baada ya muda alipiga sakafu kwa nyundo ya mpira na lami ikapasuka, ikaachana na bati vipande vipande kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Barabarani walikuwa wanaweka lami, sisi ndani tunaitoa. Kim alisema tungewapelekea ile yetu kwa toroli.

Walipoipima lami ile kwenye ndoo, Baba alikuwa na furaha kiasi kwamba alinipima na mimi. Alitengeneza kitanzi kwa mkanda wa usalama uliotolewa kwenye kiti cha nyuma, akanipitisha mikono, akaniinua. Nilining'inia nikizunguka polepole. Mshale ulisimama palepale uliposimama wakati wa kiti cha nyuma.

"Kim, njoo uone," Baba alisema. "Maitu na kile kiti cha nyuma ni sawasawa."

Maitu ni mimi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na mimi nilipewa jina la mama yake Baba, Nyambura, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa sababu hiyo Baba hakuniita jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata aliponigombeza.

Kim alisoma mshale, akamtikisia Baba kichwa. "Kiti imetoka, huyu amebaki. Karis, hapo hujapunguza kitu."

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa napenda kuning'inia. Lakini jambo hilo lilinikaa moyoni. Kiti cha nyuma kilikuwa kizito hivi, na kilitolewa. Mimi nilikuwa mzito hivyohivyo.

Labda lingepita kama si mambo mengine. Baba mwenyewe alikuwa ameanza kujipunguza. Alimwambia Kim kwamba kilo ya mtu ni rahisi kutoa kuliko ya chuma, kwa sababu haihitaji spana, na Kim akashika tumbo lake kwa mikono miwili akasema hii ni ya urithi, haitoki. Tangu hapo Baba alitaniwa naye kila siku, naye akamtania Kim kila siku, na neno lilikuwa ni lile moja, kupungua, kupungua. Jioni nyumbani Thika Baba alikata ugali wake katikati na kusukuma nusu upande wa Mama. Mama alimtazama.

"Umetoa viti, umetoa redio," alisema. "Ukimaliza utatoa usukani ama utatoa sisi?"

Alisema kwa mzaha. Najua sasa. Baba alijibu kwamba usukani unabaki. Nilingoja aseme na sisi tunabaki, lakini alikuwa ameshainuka kwenda kunawa mikono.

Sikumwambia mtu. Niliona tu kwamba kazi ilikuwa inaelekea mbele, kutoka buti kwenda kiti cha nyuma, kutoka kiti cha nyuma kwenda dashibodi, na kwamba kilichobaki ndani ya gari ni kiti cha Baba na changu. Siku moja nikiwa nimelala, nao wakidhani sisikii, Kim aliuliza hiki cha kushoto kinatoka lini. Baba alisema kitatoka mwisho, kabla ya mashindano. Sikujua kwamba walizungumza habari ya chuma na sponji. Nilisikia kwamba mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Basi nikaanza kujitoa kilo. Ilikuwa rahisi kuliko mtu anavyoweza kufikiri, kwa sababu nilikuwa na sehemu mbili za kula na kila moja iliamini ile nyingine. Nyumbani nilisema nimeshiba gerejini. Gerejini nilisema Mama amenipa chai nzito. Githeri ya mchana, mahindi na maharagwe, ambayo Baba alininunulia kwa mama wa kibanda, niliila kidogo mbele yao na nyingine nikampa Soja, mbwa wa gereji, aliyekuja kulala chini ya mlango wangu. Soja alianza kung'aa manyoya. Baada ya muda Kim alisema mbwa huyu ana mimba, na Baba akamkumbusha kwamba Soja ni dume. Kim akasema basi huo ni muujiza.

Kuhusu njaa yenyewe, ninachokumbuka ni kwamba haikuwa na maumivu kwa muda mrefu. Ilikuwa kama sauti ya jenereta ya jirani, baadaye huisikii. Kilichobaki ni kwamba nilisikia harufu za mbali. Niliweza kujua mama wa kibanda ameweka vitunguu kwenye mafuta kabla moshi haujatufikia. Nilisikia baridi mchana. Mama alidhani ni minyoo, akanipa dawa, na nilimeza dawa kwa furaha kwa sababu nilifikiri minyoo nayo ina uzito. Jumapili kanisani nilikaa wakati wengine wamesimama kuimba. Mama alinishika paji la uso.

Jumamosi kabla ya mashindano walikuwa wanasawazisha gari. Likishapunguzwa hivyo gari hunyanyuka juu ya springi zake, na lazima lirekebishwe upya likiwa limembeba dereva, kwa sababu ndivyo litakavyokimbia. Siku chache kabla Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, Kim akapima kwa kijiti nafasi iliyo kati ya gurudumu na bati, akakwaruza alama. Sasa Baba alitaka kuingia chini ya gari mwenyewe, hakumwamini Kim na springi, kwa hiyo ilibidi kitu kingine kikae mahali pake. Kim alikuwa mzito mno. Baba akajaza gunia mchanga, akalipima, akahesabu kichwani: gunia hili na Maitu juu yake ni mimi kamili. Akaniketisha juu ya gunia, mikono yangu kwenye usukani, akaingia chini.

Nilifurahi sana. Kwa kioo cha mbele niliona barabara, tingatinga zimezimwa kwa mapumziko ya mchana. Chini yangu spana ililia. Baba aliuliza, Kim akapima kwa kijiti, akasema bado iko juu. Baba akakaza tena. Bado. Akatoka chini, akaangalia upepo wa magurudumu, akasukuma gari kwa kiwiko litikisike na kutulia. Akaingia tena. Bado iko juu, Kim alisema, upana wa kidole. Wakabishana. Kim alisema springi ndizo mbaya, Baba akasema springi ni zilezile, kilichobadilika ni kitu kingine. Alidhani gunia limetoboka. Aliniteremsha, akaliangalia kila upande, akalitundika kwenye mizani. Gunia lilikuwa sawa.

Kisha akageuka akanitazama. Alichukua ule mkanda wa usalama, akanipitisha mikono, akaniinua.

Mshale haukufika mahali pake. Baba aligonga kioo cha mizani kwa ukucha, kama watu wanavyogonga mizani iliyokwama, na mshale ukatikisika na kurudi palepale. Alinishusha, akatundika gunia tena, akanitundika mimi tena. Nilimwona Kim ameshika kijiti kifuani kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nangoja wafurahi.

"Unaumwa, Maitu?"

"Hapana."

"Nyumbani unakula?"

Nilisema nakula. Akauliza, na hapa? Nikamtazama Soja. Kim naye akamtazama Soja.

"Sasa hizi kilo zimeenda wapi?"

"Nimezitoa," nilisema.

Kim alicheka, kisha akaacha. Baba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya wangu.

"Ukazitoa kwa nini?"

"Ndio usitoe kiti yangu."

Sikumbuki Baba akisema kitu. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka, nikidhani pengine alisema kitu kizuri na mimi nimekipoteza, lakini nadhani hakusema. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejiandaa kusalimia wageni. Kisha akazunguka upande wa kushoto. Bolti za kiti changu zilikuwa zimelegezwa tangu asubuhi ili zisisumbue. Alichukua spana akazikaza zote nne, akapita tena akazikaza mara ya pili, akashika mgongo wa kiti akautikisa nione kwamba hautikisiki.

"Karis," Kim alisema kwa sauti ndogo. "Na kesho?"

"Kesho tutaona."

Alinibeba mgongoni mpaka kibandani, mimi niliyekuwa mkubwa wa kutosha kutembea. Aliagiza maharagwe ya madondo na chapati, sahani mbili. Sikushangaa kwamba alinilazimisha kula. Kilichonishangaza ni kwamba yeye alikula yake yote, siku moja kabla ya mashindano, na kufuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha chapati, akinitazama ili nami nifute. Jioni alimweleza Mama kila kitu mbele yangu. Nilitarajia kelele. Mama alisimama na kijiko mkononi, akasema tu, nilikwambia hiyo gari itakula mtu, kisha akaniongezea chakula.

Jumapili ilikuwa ya kanisa na Mama hakukubali niende kiwanjani, si siku hiyo wala nyingine. Jumatatu asubuhi nilishuka kwenye pikipiki ambayo Baba alikuja nayo kazini tangu gari liache barabara, nikakimbia kwenye gari. Lilikuwa na vumbi ndani na nje, na kiti changu kilikuwa mahali pake. Nilikitikisa. Hakikutikisika. Shule zilipofunguliwa nilikwenda gerejini Jumamosi tu, na kila Jumamosi nilikitikisa, na kila mara kilikuwa hapo. Nikanenepa. Mama alinipeleka kliniki kuhakikisha, nesi akanipima akatabasamu mshale ulipopanda, na nakumbuka nikiwaza kwamba hawa wa hapa wanafanya kinyume.

Ahadi yake pia aliitimiza. Jumamosi moja isiyo na mashindano walilikokota gari mpaka kiwanjani na Baba akanizungusha. Alikwenda polepole kuliko nilivyotaka. Kwa kuwa hapakuwa na kapeti wala lami wala kitambaa, kila jiwe lililogonga chini nililisikia kwenye meno, na injini ilikuwa kama iko mapajani mwangu. Tulipiga kelele tukizungumza na hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilipoteremka masikio yalikuwa yamejaa pamba. Nilimwambia Mama kwamba gari letu sasa lina sauti ya kweli.

Mwaka huo Baba alipata kikombe, nafasi ya tatu. Kiko Gatuanyaga kwenye kabati la vyombo, kimepata kutu kwenye mkono. Baadaye gari liliuzwa, barabara ikamalizika, gereji ikahamishwa, na maisha yakaendelea kama ya watu wengine. Mimi sikusoma sana, nilifika kidato cha pili, na sina mambo mengi ya kujivunia, lakini nilikuwa na hili. Niliwaeleza wenzangu shuleni na baadaye mume wangu na watoto wangu, kwamba baba yangu alipata kikombe kile akiwa na kiti cha ziada ndani ya gari, wakati wengine wote walikuwa wametoa vyao, kwa sababu yangu.

Ugonjwa ulipomshika Baba ulimpunguza. Nilimuuguza mimi, kwa kuwa Mama magoti yake hayamruhusu kuinama. Kila tulipokwenda kliniki alipanda mizani na nesi akasoma, na Baba hakutaka kutazama mshale, yeye aliyekuwa akiutazama kwanza kuliko watu wote. Nilimlisha uji kwa kijiko. Siku moja aliusukuma, nikamwambia, Baba, kula, hakuna mashindano kesho. Alitazama ukuta, kisha akacheka bila sauti mpaka ikabidi nimshike. Akala vijiko kadhaa. Mwisho nilikuwa namwinua peke yangu kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na haikunichosha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, wazee wa kanisa waliinuka na Kim akaja kukaa kwenye kile kiti cha kibarazani. Tumbo lile la urithi alikuwa bado nalo. Nilimletea chai nikakaa kando yake. Alipiga sponji kwa kiganja, vumbi likatoka, akasema huyu namjua. Tukazungumza habari za gereji, barafu kavu, na Soja aliyekufa uzeeni akiwa mnene. Nikamwambia kwamba ninachomshukuru Baba ni kile kiti cha kushoto, kwamba alikubali kushindana nacho ndani.

Kim alipuliza chai.

"Nyambu," alisema, "hiyo kiti tulikuwa tunatoa."

Nilimtazama.

"Kila Jumapili ya mashindano, asubuhi. Bolti ni nne tu. Tunafika kiwanja, tunatoa, tunaweka kwa pikapu. Tukirudi gereji jioni, watu wamechoka, mimi nataka kwenda nyumbani, baba yako anaingia na tochi anarudisha. Alinisumbua na hizo bolti we acha tu. Nikamwambia, Karis, si umwambie mtoto ukweli. Akasema hawezi kumwambia mama yake amemshukisha njiani."

Watoto wangu walikuwa wanacheza karibu na hema. Niliwatazama kidogo.

"Hata siku ya kikombe?" niliuliza.

"Hasa hiyo siku."

Nilimuuliza kama wangekipata na kiti ndani. Alifikiria. Kim anapenda maneno, lakini juu ya uzito sijamsikia akidanganya. Alipima kichwani, macho kwenye vidole vyake, kama vile mizani bado inaning'inia mbele yake.

"Hapana," alisema. "Na kiti hatungepata."

Nikamwambia basi ni vizuri alikitoa. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Kim aliitikia kwa kichwa, akanywa chai yake, kisha akaomba nimwongezee chapati.